Vavilov: Mtaalamu wa mbegu aliyekufa kwa njaa gerezani

TAREHE 26 Januari 1943, katika hospitali ya gereza mjini Saratov, Urusi, alifariki dunia mfungwa mmoja mwenye umri wa miaka 55. Mwili wake ulikuwa umekwisha kwa kukosa chakula. Alizikwa katika kaburi la pamoja na wafungwa wengine, bila ya mke wala mtoto kuwapo.

Mfungwa huyo alikuwa Profesa Nikolai Ivanovich Vavilov. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyekusanya mbegu nyingi za mazao ya chakula kama yeye, na kazi yake yote ilikuwa kutafuta mimea itakayohimili magonjwa, ukame na baridi ili watu wasife njaa.

Ndugu msomaji, naandika habari zake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sehemu muhimu ya kazi yake aliifanya jirani na kwetu, huko Uhabeshi, na matunda ya elimu yake bado yanawagusa wakulima wa Afrika Mashariki. Ya pili ni yangu mwenyewe. Niliiacha nchi yangu baada ya kuandika kwamba wilaya fulani ilikuwa na upungufu wa chakula, wakati wakubwa walikwishasema hakuna upungufu wowote. Tangu hapo habari za watu waliopatwa na makubwa kwa kutaja hesabu zisizopendwa hazinipiti hivi hivi. Yangu ni madogo mno mbele ya yale ya Vavilov.

Alizaliwa Moscow mwezi Novemba 1887. Baba yake alitoka katika ukoo wa wakulima, akaingia mjini, akafanya biashara ya nguo mpaka akatajirika. Nikolai alipokuwa na umri wa miaka minne, mwaka 1891, Urusi ilikumbwa na njaa kubwa iliyoua mamia ya maelfu ya watu. Mdogo wake, Sergey, aliyezaliwa mwaka huohuo wa njaa, naye alikuja kuwa mwanasayansi mkubwa wa fizikia. Tutamrejea baadaye.

Mwaka 1906 Nikolai alijiunga na chuo cha kilimo cha Moscow. Utafiti wake wa kumaliza masomo ulihusu konokono wasio na magamba, wale waharibifu wa mashamba. Lakini swali lililomkamata zaidi ni lile ambalo kila mkulima amewahi kujiuliza: ugonjwa ukiingia shambani, kwa nini mmea huu unakufa na ule wa pembeni yake unasimama?

Mfano wake mkubwa ulikuwa kutu ya ngano. Huu ni ugonjwa wa kuvu unaolifunika jani au shina kwa unga wa manjano au kahawia, mfano wa chuma kilicholiwa na kutu, na ukipamba moto huweza kumaliza shamba zima. Vavilov alipanda mamia ya aina za ngano na nafaka nyingine pamoja, akaziacha ziugue, akaandika ipi imeugua na kwa kiasi gani. Mwaka 1913 alikwenda Uingereza kujifunza kwa William Bateson, mtu aliyeipa sayansi ya urithi jina lake la jenetiki, na pia kwa wataalamu wa Cambridge ambako Rowland Biffen alikwishaonyesha kwamba kinga ya ngano dhidi ya kutu hurithiwa.

Hapo ndipo Vavilov alipopata msingi wa maisha yake. Kinga ya mmea si bahati. Imo katika nasaba yake, na kwa kuwa imo katika nasaba, inaweza kutafutwa mahali ilipo na kuhamishiwa katika mmea mwingine kwa kuwazalisha pamoja. Kinachotakiwa ni kwanza kuujua mmea wenye kinga hiyo, na mmea huo huenda uko kwenye kishamba cha mkulima maskini katika mlima usiopitika.

Kwa hiyo akaanza safari. Mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, alipelekwa kaskazini mwa Iran ambako askari wa Kirusi walikuwa wakila mkate na kupata kizunguzungu kama walevi. Vavilov alibaini kwamba unga wao ulichanganyika na mbegu za gugu moja lenye sumu linalomea katikati ya ngano. Baada ya kazi hiyo alipanda milima ya Pamir. Huko aliona jambo lililomfungua macho: kadiri unavyopanda juu kwenye baridi, ndivyo nafaka ya rai, ambayo chini ilikuwa gugu tu katika shamba la ngano, inavyoishinda ngano, mpaka mkulima anaikubali kuwa ndiyo zao lake.

Mwaka 1917, mwaka wa mapinduzi, alipata nafasi ya ualimu wa chuo kikuu mjini Saratov, kando ya mto Volga. Miaka mitatu baadaye, mbele ya mkutano wa wataalamu wa mbegu katika mji huohuo, alitangaza kanuni yake kwamba mimea ya ukoo mmoja hubadilika kwa namna zinazofanana. Kama ngano ya kawaida ina aina zenye ndevu kwenye suke na aina zisizo na ndevu, basi na ngano ngumu, ile ya kutengenezea makaroni, lazima iwe na aina isiyo na ndevu mahali fulani, hata kama hakuna aliyewahi kuiona. Waliomsikiliza walimlinganisha na Mendeleev, mkemia aliyeacha nafasi wazi katika jedwali lake kwa ajili ya elementi ambazo bado hazijagunduliwa.

Mwaka uliofuata, 1921, alihamia Petrograd, mji ambao baadaye uliitwa Leningrad na leo ni St. Petersburg, akakabidhiwa idara ya mimea ambayo chini yake ilikuja kuwa taasisi kubwa ya utafiti wa mazao. Mwaka huohuo njaa nyingine ilikuwa ikiua mamilioni kando ya Volga. Vavilov alivuka bahari hadi Marekani na Kanada kutafuta mbegu.

Kuanzia hapo ni vigumu kuzifuata nyayo zake. Afghanistan mwaka 1924. Nchi za Mediterania, Syria na Palestina mwaka 1926. Uchina, Japan na Korea mwaka 1929. Mexico na Guatemala mwaka 1930, kisha Peru, Bolivia na nchi nyingine za Amerika ya Kusini mwaka 1932 na 1933. Alilala saa chache tu usiku, na popote alipofika alijitahidi kuzungumza na wakulima wenyewe. Hakuishia mashambani. Aliingia pia masokoni, maana sokoni ndiko mkulima analeta anachokipanda kweli.

Mwishoni mwa mwaka 1926 alishuka Djibouti, akapanda treni kuelekea Addis Ababa. Alipokelewa na Ras Tafari, ambaye mwaka 1930 alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie, akapewa ruhusa ya kusafiri. Kwa miezi ya mwanzo ya mwaka 1927 alizunguka nyanda za juu na msafara wa nyumbu, akijaza mifuko. Alikuta tefu, nafaka ndogo kama mchanga inayotengenezewa injera. Alikuta shayiri za kila namna, na ngano yenye punje za zambarau. Na huko Uhabeshi akaiona kwa macho yake ngano ngumu isiyo na ndevu, ile aliyosema miaka saba kabla kwamba lazima ipo.

Kutokana na safari hizo aliandika kwamba mazao yetu yana makwao. Ukitaka kujua zao limetoka wapi, alisema, tafuta mahali ambapo aina zake ni nyingi kupita kwingineko. Mwaka 1926 alitaja vitovu vitano vya namna hiyo duniani, na mwaka 1935 akavifikisha vinane, kimojawapo kikiwa Uhabeshi. Wataalamu waliomfuata wamemrekebisha. Leo inajulikana kwamba wingi wa aina si lazima uwe ushahidi wa asili, na kwamba ngano na shayiri zilianza kulimwa Mashariki ya Kati, sio Uhabeshi. Lakini kwamba hazina kubwa ya kinga za mazao iko katika maeneo hayo ya wakulima wa kale, hilo limebaki.

Ni vyema tukaeleza na namna alivyofanya kazi, kwa sababu ndiyo iliyokuja kumgombanisha na wakubwa. Vavilov hakuamini shamba moja wala msimu mmoja. Katika miaka ya 1920 taasisi yake ilipanda mkusanyo uleule wa mbegu katika vituo zaidi ya 100, kuanzia kaskazini kwenye baridi kali hadi kusini kwenye ukame, mwaka baada ya mwaka. Lengo lilikuwa kutenganisha mambo mawili: kipi katika mmea kinatokana na nasaba yake, na kipi kinatokana na udongo na hewa ya mahali. Kila kitu kilipimwa, kikaandikwa, kikalinganishwa. Kazi ya namna hiyo haina njia ya mkato. Kupata mbegu mpya bora kulihitaji miaka kumi au zaidi.

Joseph Stalin hakuwa na miaka kumi. Kuanzia mwaka 1929 wakulima wa Umoja wa Kisovieti walilazimishwa kuingia katika mashamba ya pamoja, nafaka zao zikachukuliwa, na mwaka 1932 na 1933 mamilioni ya watu walikufa njaa Ukraine, Kazakhstan na kando ya Volga. Gazetini njaa hiyo haikuwapo. Serikali ilikuwa imekwishaagiza mwaka 1931 kwamba mbegu mpya zipatikane katika muda wa miaka michache tu.

Aliyejitokeza kuahidi hayo alikuwa Trofim Lysenko, kijana wa kikulima kutoka Ukraine, aliyezaliwa mwaka 1898. Alipata sifa kwa mbinu ya kulowesha mbegu za ngano na kuziweka kwenye baridi kabla ya kuzipanda, ili ngano ya msimu wa baridi iweze kupandwa masika. Mbinu yenyewe haikuwa mpya, na ina ukweli wake. Tatizo lilikuwa ushahidi. Lysenko hakuweka shamba la majaribio pembeni ya shamba la kawaida ili kulinganisha. Alisambaza fomu za maswali kwa mashamba ya pamoja, wasimamizi wakajaza mavuno yao, na msimamizi gani wa wakati ule angethubutu kuandika kwamba mpango uliosifiwa na magazeti ya serikali umeshindwa? Baadaye yeye na wafuasi wake walikana kabisa kuwapo kwa jeni, wakadai kwamba mmea unaweza kufundishwa tabia mpya na kuirithisha. Badala ya miaka kumi, akaahidi mbegu katika miaka miwili na nusu.

Hapa lazima tuseme na kosa la Vavilov mwenyewe. Mwanzoni alimsifu Lysenko hadharani na kumpendekeza apewe heshima za kisayansi. Alimwona kijana mwenye juhudi, aliyetoka chini, akadhani elimu itakuja. Alikuwa mtu wa kuwaamini watu. Alipotambua kwamba mwenziwe hataki majadiliano bali anataka kiti, muda ulikuwa umepita.

Mwaka 1935 Vavilov aliondolewa urais wa Akademia ya Sayansi za Kilimo, aliyoiongoza tangu ilipoanzishwa mwaka 1929. Aliyemrithi, Alexander Muralov, alikamatwa na kupigwa risasi mwaka 1937. Mwaka 1938 kiti hicho akakalia Lysenko. Wasaidizi wa Vavilov walianza kupotea mmoja mmoja. Agosti 1939 wataalamu wa jenetiki wa dunia walikutana Edinburgh, wakiwa wamemchagua yeye kuwa rais wa mkutano wao. Hakuruhusiwa kusafiri, na kiti chake kikabaki kitupu.

Angeweza kunyamaza. Wengi walinyamaza, na walio hai hawapaswi kuwahukumu upesi, kwa kuwa walikuwa na wake na watoto. Angeweza pia kuandika makala moja ya kuungama makosa, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na huenda angeachwa. Hakufanya hivyo. Aliendelea kusema kwamba jeni zipo na kwamba majaribio ya Lysenko hayana vipimo vya kulinganishia.

Tarehe 6 Agosti 1940 alikuwa magharibi mwa Ukraine, karibu na mji wa Chernivtsi, akikusanya mimea. Gari jeusi lilikuja, likasemekana ni la wito wa haraka kutoka Moscow, akachukuliwa. Wenzake walipofungua mfuko wake wa siku hiyo walikuta ndani yake aina ya ngano ya kale iliyokuwa haijajulikana katika eneo lile. Hiyo ndiyo mbegu yake ya mwisho.

Watu wa usalama walimhoji kwa miezi 11, mara zaidi ya mia, mara nyingi usiku kucha akiwa amesimama. Walimshitaki kwa hujuma dhidi ya kilimo na ujasusi kwa faida ya Uingereza. Tarehe 9 Julai 1941 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo katika kikao cha dakika chache. Majeshi ya Ujerumani yalipoikaribia Moscow mwezi Oktoba, wafungwa walihamishwa, na yeye akapelekwa Saratov, mji uleule alikoanzia uprofesa. Akiwa kifungoni aliandika kitabu kuhusu historia ya kilimo duniani, ambacho hakikuonekana tena. Alikuwa akiwafundisha wafungwa wenzake sayansi ndani ya chumba kilichojaa watu.

Mwaka 1942 adhabu ya kifo ilibadilishwa ikawa kifungo cha miaka 20. Mwaka huohuo Royal Society ya Uingereza ilimchagua kuwa mwanachama wake wa kigeni, pasipo kujua alipo. Mke wake, Yelena Barulina, naye mtaalamu wa mimea aliyebobea katika adesi, alikuwa amekimbia vita na mtoto wao na kuhamia Saratov. Alidhani mumewe yuko Moscow. Waliishi mji mmoja, yeye akitafuta jinsi ya kumtumia chakula mbali, na mumewe akifa njaa hapohapo karibu.

Na sasa twende Leningrad, kwa sababu huko nako kulikuwa na watu wake. Kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944 mji huo ulizingirwa na majeshi ya Hitler, na wakazi wake mamia ya maelfu walikufa njaa. Katika jengo la taasisi ya Vavilov mlikuwa na sampuli 250,000 hivi za mbegu: tani za mchele, ngano, mahindi, karanga na kunde. Wafanyakazi walizilinda zamu kwa zamu dhidi ya baridi, panya na wezi. Viazi vya utafiti walivichimba shambani Pavlovsk huku mizinga ikipiga. Alexander Shchukin, mtaalamu wa karanga, alikufa mezani kwake. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, alikufa akiwa amezungukwa na pakiti za mpunga. Wenzao wengine kadhaa walikufa vivyo hivyo, na mbegu hawakuzila. Wakati huo hawakujua kama mkuu wao yu hai.

Baada ya vita, mwaka 1945, Stalin alimteua Sergey Vavilov kuwa rais wa Akademia ya Sayansi ya nchi nzima, miaka miwili baada ya kaka yake kufa katika gereza la Stalin huyohuyo. Alilitumikia bila kuweza kulisema hadharani jambo hilo, mpaka alipokufa mwaka 1951. Mwaka 1948 jenetiki ilipigwa marufuku kufundishwa. Stalin alifariki mwaka 1953, na mwezi Agosti 1955 mahakama ilitangaza kwamba Nikolai Vavilov hakuwa na hatia yoyote. Lysenko alishikilia madaraka hadi mwaka 1965, akafa kitandani mwake mwaka 1976.

Hasara iliyobaki haihesabiki kirahisi. Nchi iliyokuwa mbele katika sayansi ya mbegu ilirudi nyuma kizazi kizima.

Lakini mbegu zilisalia, na zimeendelea kufanya kazi. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ya shina la ngano ilionekana Uganda, ikaja kuitwa Ug99. Kinga ambayo mbegu nyingi duniani ziliitegemea ilishindwa mbele yake. Ugonjwa uliingia Kenya, Ethiopia, Yemen na Iran. Huko Njoro, Kenya, maelfu ya aina za ngano kutoka nchi mbalimbali zimepandwa kila msimu na kuachwa ziugue ili zijulikane zinazosimama. Ni jaribio lilelile alilolifanya kijana Vavilov zaidi ya miaka 100 iliyopita. Na mara kwa mara jibu limepatikana katika mbegu za kale za wakulima. Shayiri za Uhabeshi, kwa mfano, ndizo zilizotoa jeni iliyozikinga shayiri za Marekani na virusi vya udumavu wa manjano.

Kaskazini mwa Ethiopia na Eritrea wapo wakulima wanaopanda ngano na shayiri pamoja katika shamba moja, kwa makusudi. Mvua ikiwa haba shayiri itatoa, mvua ikiwa nzuri ngano nayo itatoa, na ugonjwa ukija hautazikuta zote ni dhaifu kwa namna moja. Vavilov alizunguka dunia nzima kuthibitisha kwa vipimo jambo ambalo mkulima huyo analijua kwa kuona.

Serikali yake ilitaka mbegu ya aina moja, jibu la aina moja na watu wa kusema jambo moja. Nasi tulio ughaibuni, na ninyi mlioko nyumbani, tunazijua serikali za namna hiyo. Mvua zikikosekana, takwimu za mavuno zikitangazwa redioni, tuwaulize pia wanaolima.

Leo taasisi ya St. Petersburg inaitwa kwa jina la Vavilov. Saratov nako chuo kikuu cha kilimo kilipewa jina lake, na sanamu yake imesimamishwa mjini humo. Kaburi lake hasa, lile la pamoja, hakuna aliyeweza kulitenga na ya wengine.